Shimo Lililonyamaza Munuki

Munuki ni mtaa uliobanana mjini Juba. Nyua zake zimesukumana hata kuku wa huku hutaga kule, na mtu akikohoa chumbani mwake, jirani humwambia pole. Katika mtaa kama huo, choo kikijaa hakuna pa kukihamishia ila kwenye upenyo uliobaki: kati ya jiko na ukuta, au nyuma ya duka, mahali ambapo hata mbuzi hapiti bila kujikunja. Ndiyo maana watu walimtafuta Lodu. Alikuwa mfupi, mabega membamba, kifua kipana kama ngoma, na aliweza kuchimba mahali ambapo mwanamume mwingine asingeweza hata kugeuka.

Jambo moja tu wateja wake hawakulijua. Lodu aliyaogopa mashimo.

Aliyaogopa tangu siku ya kwanza, na hofu ile haikuzeeka pamoja naye. Kila kichwa chake kiliposhuka chini ya usawa wa ardhi, na anga ikabaki kama sahani juu yake, kifua kilibana. Kazi hii hakuichagua. Alikimbilia Uganda angali mtoto, akakulia kambini karibu na Adjumani, na alipofika umri wa kujitafutia, mtu pekee aliyekuwa na kazi ya kumpa alikuwa Kato, mchimba visima, mzee mkavu asiyecheka. Amani iliporejea Lodu alirudi Juba akiwa na nia ya kuuza mbao. Lakini watu waliorudi pamoja naye walihitaji vyoo kabla ya milango, na jina lake lilikuwa limemtangulia. Kazi ikamshika kama tope linavyoshika kiatu: kila akivuta mguu mmoja, mwingine ulizama zaidi.

Kato alimwachia sheria tatu. Asubuhi, kabla mtu hajashuka, taa ishushwe hadi chini. Ikizimika, hakuna kazi. Pasiwe na mtu chini bila mtu juu. Na ya tatu, ambayo wageni waliiona ni burudani: mtu wa chini aimbe.

"Anayeimba anapumua," Kato alikuwa akisema. "Akinyamaza, mtu wa juu asiulize swali. Avute kamba."

Basi Lodu aliimba. Mwanzoni ilikuwa utii, baadaye ikawa dawa. Aligundua kuwa wimbo humlazimisha mtu kuvuta hewa kwa mkupuo na kuitoa polepole kwa kipimo cha mstari, na kifua kilichopewa kipimo hakipati nafasi ya kuhangaika. Alizoea kuimba nyimbo za kanisani, za Kibari, lugha ya kwao, kwa sababu ndizo alizozijua hadi ubeti wa mwisho. Mtu wake wa juu alikuwa Ezbon, mdogo wa mkewe, kijana mrefu aliyelelewa na madereva wa malori kule Koboko, Uganda, na kuokota kwao Kiswahili cha barabarani. Ezbon hakuwa mvivu. Kasoro yake ilikuwa moja: alipenda watu, na pale juu ya shimo watu hawakukosekana.

Binti mkubwa wa Lodu, Rejoice, alikuwa akisomea uuguzi. Wiki moja kabla ya mkasa huu alirudi nyumbani na zoezi: apime upumuaji wa mtu mzima akiwa ametulia, kisha baada ya kazi.

"Baba, lala hapa mkekani. Usifikirie kitu."

"Mtu asiyefikiria kitu umtafute kwingine. Mimi nina mke."

Peace, mkewe, aliyekuwa akipepeta mtama, hakuinua macho. "Mpime mdomo kwanza," alisema. "Huo haujawahi kupumzika."

Rejoice alishika kifundo cha mkono wa baba yake kana kwamba anapima mapigo ya moyo, lakini jicho lake lilikuwa kifuani. Hiyo ni hila ya wauguzi wote: mtu akijua unazihesabu pumzi zake, huziharibu. Kisha akamtuma kubeba madumu mawili ya maji kutoka langoni hadi jikoni, aende na kurudi bila kutua, hadi majirani wakaanza kuuliza nyumba ipi inaungua. Aliporudi mkekani, kifua cha Lodu kilikuwa kikipanda na kushuka kama mvukuto wa mhunzi.

"Sasa tueleze umepata nini," Peace alisema, "maana maji yamekwisha kujaa hadi kwenye sufuria."

Rejoice akaeleza kwa bidii ya mtu anayejiandaa kuulizwa. Mtu aliyelala hutumia hasa msuli mmoja, kiwambo, uliotandazwa chini ya mapafu kama ngozi ya ngoma. Msuli huo ukikaza hushuka, kifua kikapanuka, hewa ikaingia; ukilegea, hewa hutoka yenyewe bila jasho. Kila pumzi ni kama kikombe cha chai. Hewa hiyo hufika hadi kwenye vifuko vidogo mno ndani ya mapafu, vilivyozungukwa na mishipa myembamba ya damu. Hapo damu huchukua oksijeni na kuacha hewa ya ukaa itolewe nje. Mtu akibeba maji, misuli ya miguu hudai oksijeni nyingi na kutoa hewa ya ukaa nyingi. Hapo misuli ya kati ya mbavu nayo huamka, na ile ya shingo. Ya tumbo husukuma hewa nje kwa nguvu. Kikombe huwa birika, na kabla birika moja halijamiminwa lingine limefika.

"Na nani anaamuru haya yote?" Lodu aliuliza.

"Ubongo, sehemu yake ya chini, hapa juu ya shingo. Unaionja damu. Na ajabu yake, baba, kinachoushtua kwanza si upungufu wa oksijeni. Ni hewa ya ukaa. Ikizidi kidogo tu, unaamuru: hema."

"Kumbe ni kama jiko langu," Peace alisema. "Kinachotutoa nje mbio ni moshi. Njaa ya hewa inafuata nyuma."

"Ndivyo, mama. Na ukiacha kazi, moshi unafagiliwa, pumzi inarudi chini yenyewe. Mwone baba, ameanza kutulia."

Kweli, kifua cha Lodu kilikuwa kimeanza kurudi mahali pake.

Jumamosi iliyofuata walikuwa nyuma ya duka la Abdiqani, Msomali aliyekuja kutoka Garissa na kuuza unga, sukari na mafuta kwa jumla. Abdiqani alikuwa na wapangaji wengi na choo kimoja kilichofurika. Shimo jipya lilichimbwa kwenye upenyo kati ya stoo na ukuta wa mabati, na kufikia siku hiyo lilikuwa na kina cha watu watatu waliosimamiana mabegani. Udongo wa juu ulikuwa legelege, kwa hiyo mdomoni mwa shimo walikuwa wamezamisha pete ya bati la mapipa ili kingo zisibomoke. Chini ya pete, Lodu alichonga vishimo vya kukanyagia pande zote mbili. Ndani ya pete hapakuwa na pa kukanyagia; bati lilikuwa laini, na sehemu hiyo mtu aliipita kwa kamba.

"Mzee, hii shimo itaisha leo?" Abdiqani aliuliza akichungulia, kanzu ameikusanya mkononi isiguse udongo.

"Inaisha ukitoka kwenye mwanga wangu," Lodu alijibu kutoka chini.

Upande wa pili wa mabati palikuwa na uwanja wa kanisa, na Jumamosi mchana kwaya ilifanya mazoezi hapo. Lodu alikuwa ameanza wimbo wake kama kawaida. Ubeti wa pili ulipofika, sauti kumi na kitu zikaudaka kutoka ng'ambo ya ukuta. Mtu wa kwaya alikuwa amesikia shimo likiimba, akaona ni dhambi kuliacha liimbe peke yake. Vicheko vikasikika, kisha wimbo ukashika. Lodu alianzisha mstari, kwaya ikaitikia. Hata Abdiqani alitabasamu kabla ya kurudi kwa wateja.

"Shemeji, wewe nakuwa mwalimu wa kwaya," Ezbon alisema juu. Alivuta ndoo, akaenda kuimwaga, na kwa kuwa kikombe cha chai kilikuwa kikimsubiri karibu na ukuta, na wasichana wa sauti ya kwanza walikuwa karibu na tundu la ukuta huohuo, hakurudi upesi. Hakuona ubaya. Wimbo ulikuwa ukisikika.

Chini, jembe la Lodu lilikuwa limepiga udongo wa aina nyingine. Ulikuwa mweusi, mwepesi, wenye vipande vya mifuko na makaa. Alijua mara moja ni nini: shimo la zamani la mtu aliyeishi hapo zamani, lililojazwa takataka na kusahauliwa. Jambo hilo si geni Munuki. Alikwangua kidogo, tundu likafunguka ubavuni mwa shimo, upana wa kiganja. Taa ya asubuhi ilikuwa imewaka vizuri, na hakuna aliyewahi kushusha taa mchana. Ndoo ilikuwa juu. Lodu akaketi chini, mgongo ukutani, magoti kidevuni, apumzike hadi irudi.

Pumzi haikurudi chini.

Alingoja. Alikuwa ameacha kuchimba kitambo, mikono imelala mapajani, lakini kifua kiliendelea kuvuta kwa nguvu, tena kwa nguvu zaidi. Mbavu zilifunguka kama za mtu anayekimbia. Misuli ya shingo ilikaza. Alikuwa ameketi kama mtu aliyelala mkekani, na kifua chake kilikuwa kikibeba maji.

Hapo maneno ya binti yake yakamjia. Mwili haukuwa na kazi yoyote ya kutoa moshi ule. Basi moshi ulikuwa ukiingia. Ilikuwa ile hewa ya ukaa yenyewe, nzito, isiyoonekana, ikitoka kwenye tundu na kutanda sakafuni kama maji, na yeye alikuwa ameketi ndani yake.

Alisimama. Kichwa kilimgonga kwa ndani, mara moja, mara mbili, kisha bila kukoma. Akafungua mdomo aimbe, na neno likakatika katikati. Pumzi ya kuimba inahitaji kutolewa polepole, na kifua chake hakikuwa tayari kutoa chochote polepole. Akajaribu kuita. "Ez." Ndilo lililotoka. Kikohozi cha mtoto kingesikika zaidi.

Basi akanyamaza, na alipokuwa akinyamaza alijiambia: sasa Ezbon atavuta kamba.

Wimbo ukaendelea juu yake. Ulikuwa uleule aliouanzisha, umejaa, mzuri, unashuka shimoni kutoka upande wa ukuta hadi usingeweza kujua kama unatoka juu au chini. Ndani yake alimtambua Ezbon, sauti ya lori, nusu hatua nyuma ya wenzake. Lodu akaelewa kwamba kwa mtu aliyesimama juu, shimo lilikuwa bado linaimba. Alinyosha mkono kwenye ukuta apate kamba. Kamba ilikuwa juu pamoja na ndoo.

Alitazama sahani ya anga. Kupanda ni kazi, tena kazi ya miguu na mapaja, misuli mikubwa. Ingetoa moshi wake yenyewe juu ya ule aliokwisha kuuvuta, na kudai birika juu ya birika. Kutulia kungepunguza hayo, lakini kutulia katika hewa ile ni kutulia moja kwa moja. Hakuna la tatu. Alisukuma kidole cha mguu kwenye kishimo cha kwanza.

Alipanda jinsi mtu mzito anavyopanda ngazi gizani. Mgongo alikuwa ameukandamiza ukutani, miguu upande wa pili, mikono ikitafuta. Kila hatua ilifuatwa na pumzi ambazo hakuziamuru, za haraka, zenye kelele, zikimtikisa hata akaogopa zitamwangusha. Udongo uliporomoka chini ya kisigino chake. Aliusikia ukifika chini na hakutazama. Macho yalikuwa yakizingirwa na weusi pembeni. Alipofika chini ya pete ya bati hewa ilikuwa nzuri kidogo, ya kumwacha ajue yuko wapi, lakini si ya kumpa sauti. Alijaribu kuita tena, kwaya ikapandisha kiitikio na kummeza.

Akapiga bati kwa ngumi. Lililia, gong, gong, kama kengele mbovu. Juu, upande wa ukuta, Ezbon alicheka kwa furaha na kupiga makofi kwa mdundo uleule. Alidhani shemeji yake ameongeza ngoma.

Lodu akaacha kupiga. Mapaja yalikuwa yakitetemeka, na alijua mtetemeko huo, ni ule unaotangulia kulegea. Anga ilikuwa urefu wa mkono mmoja na nusu juu yake, na kati yake na anga palikuwa na bati lisilo na pa kushika. Akianguka atarudi kwenye ule ukimya wa chini, na hapo hakuna atakayemsikia akifika. Alifikiri: nimeogopa jambo hili maisha yangu yote, na limekuja na wimbo.

Ng'ambo ya ukuta mtu akapiga makofi mawili makavu. Alikuwa Silvester, mwalimu wa kwaya.

"Simama, simama. Sauti ya nne, mnapumua katikati ya neno, wote kwa pamoja, kama ng'ombe kisimani. Mmoja apumue, mwenzake ashikilie. Sasa nyamazeni kabisa, niwaonyeshe."

Kwaya ikanyamaza.

Uwanja ukanyamaza. Na Lodu, akiwa amebandikwa ukutani kama mjusi, akasikia kile ambacho Ezbon naye, mdomo wazi, kikombe mkononi, alikuwa akikisikia: shimo halikuwa na sauti yoyote.

Kikombe kilivunjika. Miguu ikaja mbio. Uso ukajaa kwenye sahani ya anga, haukuuliza swali, na kamba ikashuka pamoja na ndoo iliyomgonga Lodu begani. Alipitisha mkono kwenye kamba, akaizungusha mara mbili, na miguu ikamwachia. Kwa muda alining'inia na uzito wake wote. Kisha bati likamkwaruza kifua, tumbo, magoti, na jua likampiga usoni.

Alilala chali kwenye mchanga, na kifua kikafanya kilichotaka. Hakukizuia. Ezbon alikuwa amepiga magoti kando yake, mikono inachuruzika damu kwa kamba.

"Shemeji, mimi nasikia wewe naimba," alisema. "Mimi nasikia. Wallahi mimi nasikia."

Lodu alitaka kumtukana. Aliona uso wake, akaacha. "Ulisikia kwaya," alisema, neno moja kwa pumzi moja.

Abdiqani alikuja na maji. "Pole, mzee wangu. Pole sana. Hii tunafunika leo leo. Mimi nitawaambia wapangaji wavumilie."

Lakini wapangaji walikuwa wengi na choo kilikuwa kilekile kimoja. Wiki iliyofuata waliitwa tena, safari hii karibu na lango, kwenye mchanga msafi ambao haukuwahi kuchimbwa. Rejoice alikuja mwenyewe kabla ya kwenda chuoni. Alishusha taa, akaamuru ishushwe tena kila baada ya chai na kila udongo ukibadilika rangi, akamkabili Ezbon kama hakimu.

"Na nyimbo za kanisani ni marufuku shimoni, mjomba."

"Sasa mtu naimba nini?"

"Kitu ambacho hakuna mwanakwaya atakayeitikia."

Lodu alianza kuchimba. Shimo lilipomfika magotini alikuwa sawa. Lilipomfika kiunoni kifua kikaanza kubana, ijapokuwa hewa ilikuwa safi, jua likimpiga kisogoni, na taa ikiwaka pale miguuni bila kuyumba. Alijua kwamba damu yake haikuwa na moshi wowote. Kifua hakikutaka kuambiwa. Alisimama pale, jembe mkononi, akihema kama mtu aliyekimbia kutoka mtaa wa Hai Cinema, hadi Ezbon aliponyosha mkono na kumtoa.

"Mimi nashuka," Ezbon alisema. "Wewe kaa juu. Kalas, basi."

Hivyo Ezbon akawa mtu wa chini, na Lodu mtu wa juu. Watu waliomjua walimpongeza: mzee amepanda cheo, sasa anafanya kazi kivulini. Lodu alikuwa amezungusha kamba kwenye kifundo cha mkono na kukaa ukingoni, mgongo kwa barabara, bila kumwona yeyote aliyepita. Chini, Ezbon aliimba nyimbo za madereva, zenye maneno ambayo yangemfanya Silvester azibe masikio. Lodu alisikiliza kila neno. Ezbon alipovuta hewa, yeye alivuta. Ezbon alipoitoa, yeye aliitoa.

Abdiqani alimletea chai. Lodu alitikisa kichwa. Kikombe kingehitaji mkono.

Katikati ya ubeti wimbo ukakatika. Lodu hakuuliza swali. Aliinuka akivuta kwa uzito wake wote, na Ezbon akaibuka kutoka ardhini akiwa bado na jembe mkononi, macho yamemtoka, udongo kichwani.

"Shemeji," alisema akining'inia, "mimi nameza mate tu."

"Meza ukiimba."

Ezbon alikung'uta udongo kichwani. Kisha akashuka tena, akiimba kwa sauti kubwa kuliko mwanzo, na Lodu akaketi ukingoni na kuikaza kamba.